Kichupa cha dozi kumi na mama aliyeambiwa arudi Alhamisi

Kila kliniki ya mama na mtoto huwa na siku ambayo waliofikisha umri wa chanjo ya surua ni wawili tu. Muuguzi anafungua jokofu, anakitazama kichupa chenye dozi kumi, anahesabu watoto waliopo kwenye benchi, kisha anafunga jokofu. "Mama, njoo Alhamisi, siku hiyo watoto ni wengi." Mama anarudisha kadi kwenye mkoba na kuondoka. Kwenye rejesta hakiandikwi kitu, maana hakuna kilichofanyika. Alhamisi ikifika anaweza kuja, au mtoto mwingine kaugua, au mwajiri kamnyima ruhusa. Akitokea miezi mitatu baadaye, ataulizwa mbele ya wenzake kwa nini hajali afya ya mwanawe.

Mjadala wa chanjo huanzia kwa huyo mama: elimu yake, imani yake, uvumi alioupata kwenye simu. Yote hayo yapo na sina haja ya kuyapuuza. Lakini mtoto aliyebebwa hadi mlangoni mwa kituo na akarudishwa bila kuchanjwa hana mzazi mkaidi. Mzazi ameshamaliza kazi yake. Anayebaki wa kutazamwa ni mtoa huduma, na ukimtazama kwa makini utakuta kwamba mara nyingi hakuzembea. Alifanya kile ambacho wakubwa wake humsifia akikifanya. Ndiyo maana naona swali la namna ya kumhamasisha mhudumu achanje kwa wakati limekuwa likijibiwa kombo. Tunamwongezea semina na mabango, wakati kinachomkwamisha ni hesabu anayodaiwa mwisho wa mwezi.

Kwanza tukubaliane kuhusu uzito wa tarehe, maana wapo hata wahudumu wanaoamini kuwa chanjo ni chanjo, ilimradi ipatikane kabla mtoto hajatimiza mwaka. Chukua kifaduro. Ugonjwa huu huua hasa watoto walio chini ya miezi mitatu. Dozi ya kwanza ya chanjo yenye kinga yake, ambayo katika nchi nyingi huja ndani ya ule mchanganyiko wa kinga tano (zikiwemo za dondakoo, pepopunda na homa ya ini B), haitolewi kabla ya wiki 6. Kabla ya hapo mtoto anategemea kinga aliyoipata kwa mama yake tumboni, nayo hupungua upesi. Ukimchelewesha wiki nne, amefika wiki ya 10 bila dozi, na amebakiza kidogo tu kuvuka kipindi kile ambacho kifaduro kingemuua. Wiki nne hizo hizo kwa mtoto wa miaka minne hazina uzito wa namna hiyo. Kwa mchanga ndizo zenye hatari yote.

Tena ucheleweshaji hujilimbikiza. Kati ya dozi moja na nyingine ya mchanganyiko huo lazima zipite wiki zisizopungua nne. Ratiba ya Shirika la Afya Duniani ya wiki 6, 10 na 14 haina nafasi ya kufidia: aliyeanza wiki ya 10 hawezi kumaliza kabla ya wiki ya 18, hata kliniki ikifanya kazi bila kasoro kuanzia hapo. Utafiti wa mwaka 2009 uliochapishwa katika jarida la The Lancet, uliokusanya takwimu za nchi 45 za kipato cha chini na cha kati, ulionyesha picha hiyo waziwazi. Ucheleweshaji, kwa wastani wa kati, ulikuwa wiki 2.4 kwa dozi ya kwanza ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Kwa dozi ya tatu ulikuwa umefika wiki 6.2.

Homa ya ini B ina saa badala ya wiki. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban 9 kati ya 10 wa kubaki na virusi hivyo maisha yote, pamoja na hatari ya kusinyaa kwa ini na saratani yake huko mbele. Mtu mzima anayeambukizwa hubaki navyo kwa nadra, chini ya 5 kati ya 100. Ndiyo sababu dozi ya kwanza inatakiwa itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Ikitolewa wiki ya 6, bado inamkinga mtoto na maambukizi ya baadaye, lakini yale ya kutoka kwa mama ambayo ingeyazuia yameshapita.

Surua ni tata kidogo, na hapa mhudumu anayebisha hana hoja mbovu. Chanjo ya surua ikitolewa miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100. Ikitolewa miezi 12 hufika karibu 93 au zaidi, kwa sababu kinga ya mama iliyobaki kwenye damu ya mtoto haiingilii tena. Basi kwa nini tusingoje? Kwa sababu mahali ambapo virusi vinazunguka, miezi hiyo mitatu ni ya kucheza pata potea na ugonjwa ambao mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Tarehe iliyochaguliwa imepimwa kati ya ubora wa kinga na hatari ya kungoja, na dozi ya pili imewekwa kwa ajili ya wale ambao ya kwanza haikuwashika. Ratiba hiyo si ya kubuni juu ya meza ya kliniki asubuhi ya Jumanne.

Sasa tazama tunachohesabu. Takwimu kubwa ya chanjo duniani ni asilimia ya watoto waliopata dozi tatu za dondakoo, pepopunda na kifaduro. Kwa mwaka 2024, makadirio ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF yaliiweka kwenye asilimia 85, huku watoto milioni 14.3 wakiwa hawajapata hata dozi moja. Ni takwimu muhimu. Bila hiyo tusingejua walioachwa kabisa wako wangapi. Ila aliyekamilisha dozi ya tatu wiki ya 14 na aliyeikamilisha wiki ya 50 wameingia humo wakiwa sawa. Nchi inaweza kujivunia asilimia 90 huku nusu ya watoto wake wakiwa wamepita miezi ya hatari bila kinga, na hakuna jedwali litakalomuumbua mtu.

Nimeshasema kwamba mtoto aliyerudishwa hakuacha alama kwenye rejesta. Kichupa kilichofunguliwa kinaiacha. Chanjo ya surua na ile ya kifua kikuu, BCG, huja kama unga, huchanganywa na kimiminika chake, na baada ya hapo hudumu saa sita tu au hadi mwisho wa zoezi, kipi kitangulie. Kilichobaki humwagwa. Hakina dawa ya kuzuia bakteria, na kanuni hii haina mjadala: Sudan Kusini mwaka 2017, watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya surua iliyoendeshwa kwa kutumia bomba moja la sindano kwa siku kadhaa na chanjo isiyohifadhiwa kwenye ubaridi. Kwa hiyo muuguzi anayefungua kichupa cha dozi kumi kwa ajili ya mtoto mmoja anajua kwamba tisa zitamwagwa, na zitaandikwa. Mwisho wa mwezi msimamizi atapitisha kidole kwenye safu ya dozi zilizopotea na kuuliza: hizi zimekwenda wapi?

Mhudumu ana akili. Kosa moja lina safu yake kwenye fomu na lingine halina. Atakwepa lile lenye safu. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka sasa kwamba kichupa cha surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja aliyefikisha umri. Msimamo huo umo kwenye miongozo. Haujafika kwenye kichwa cha anayekagua fomu, na mwenye fomu ndiye mwenye nguvu. Nimesikia wauguzi wakilieleza hili bila kuuma maneno: afadhali mama anilaumu kuliko bosi anilaumu.

Chanjo za maji zina unafuu wao, na hapa kuna ujinga mdogo unaoweza kuondolewa kwa karatasi moja ukutani. Vichupa vya dozi nyingi vya chanjo kama ile ya kinga tano na ya homa ya ini B, vilivyoidhinishwa na shirika hilo na vikatunzwa vizuri, vinaweza kutumika hadi siku 28 baada ya kufunguliwa, mradi alama ya joto iliyo kwenye kichupa iwe haijabadilika kufikia kiwango cha kutupa na muda wa matumizi haujapita. Bado kuna vituo ambako mtoto huambiwa arudi kwa ajili ya chanjo hizi pia, kwa sababu aliyefundishwa kanuni ya saa sita aliibeba nzima na kuitandika juu ya kila kichupa kilichomo kwenye jokofu.

Ukubwa wa kichupa nao ni uamuzi wa kisera uliojificha ndani ya karatasi za manunuzi. Kichupa cha dozi kumi ni nafuu kwa kila dozi kikilinganishwa na cha dozi tano, na hakili nafasi kubwa kwenye jokofu. Mnunuzi anaona unafuu huo. Nchini Zambia, vituo vilivyopewa vichupa vya dozi tano vya surua na rubela vilipandisha kiwango cha chanjo na wakati huohuo vikamwaga dozi chache kuliko vile vya dozi kumi. Watu wale wale, mafunzo yale yale, jokofu lile lile. Kilichobadilika ni woga wa kufungua. Kwangu mimi huo ni uhamasishaji wa mhudumu wa maana kuliko semina yoyote ya hotelini, na haukumlipa mtu posho.

Sababu nyingine ya kurudishwa ni mafua. Mtoto anakohoa kidogo, pua inachuruzika, joto limepanda kiasi, na mhudumu anaamua "apone kwanza." Au anaharisha kidogo, au yuko kwenye dawa za antibiotiki, au ni njiti, au uzito wake hauridhishi. Karibu yote haya si vizuizi. Njiti huchanjwa kwa kuhesabu umri tangu siku aliyozaliwa, isipokuwa mambo machache, kama dozi ya homa ya ini B kwa aliye chini ya kilo mbili, ambayo hutolewa lakini haihesabiwi katika idadi ya dozi zinazotakiwa. Mwenye utapiamlo ndiye hasa asiyepaswa kusubiri, kwa kuwa surua ikimkuta katika hali hiyo humdidimiza zaidi. Vizuizi vya kweli ni vichache: mzio mkali uliotokea kwa dozi iliyotangulia, upungufu mkubwa wa kinga mwilini kwa chanjo zenye vimelea hai, utumbo uliowahi kujikunja, kwa chanjo ya rota inayokinga na kuharisha, na ugonjwa mkali unaohitaji kulazwa, ambao nao huahirisha tu.

Sidhani kwamba wahudumu hawajui orodha hii. Wengi waliisoma chuoni. Wanachokiogopa ni lawama: ukimchanja mtoto mwenye mafua leo na usiku akazidiwa, mtaa mzima utasema sindano ndiyo iliyomzidisha. Ukimrudisha na akapata surua mwezi ujao, hakuna atakayekukumbuka. Mizani ileile ya kichupa imejirudia hapa. Dawa yake ni kwamba aliyefuata mwongozo akachanja, na tukio likatokea, awe na mkubwa wa kusimama naye hadharani siku hiyohiyo. Vituo vinavyofanya hivyo nadhani ni vichache kuliko vinavyotundika mwongozo wenyewe ukutani.

Sindano nyingi kwa siku moja ni jambo la huruma zaidi kuliko woga. Katika ratiba za nchi nyingi wiki ya 14 ina sindano tatu: kinga tano, nimonia, polio. Muuguzi anamwonea mtoto imani na kuigawa: mbili leo, moja mwezi ujao. Mama naye anashukuru. Lakini kuzitoa zote siku moja ni salama, mapaja ni mawili, na zile mbili za paja moja huachana kwa sentimita 2.5. Ile moja ya mwezi ujao ndiyo hupotea. Mtoto anyonyeshwe wakati wa sindano, atasahau kilio kabla mama hajafunga kanga.

Wodi ya wazazi ndiyo sehemu ninayoiona ngumu kuliko zote. Mtoto kazaliwa Ijumaa usiku. Mkunga anayempokea hajapangiwa kazi ya chanjo. Mchanjaji yuko jengo la pili na huja Jumatatu hadi Ijumaa, saa za kazi. Chanjo ya homa ya ini B iko kwenye jokofu la kliniki ambalo ufunguo wake anao mchanjaji. Jumamosi asubuhi mama anaruhusiwa. Saa 24 zinapita bila mtu yeyote kukosea katika kazi aliyopewa. Duniani kote, chini ya nusu ya watoto wanaozaliwa hupata dozi hiyo kwa wakati, na sehemu ya pengo inatokana na nchi ambazo hazijaiingiza kwenye ratiba. Ila hata zilizoiingiza hukwama kwenye ufunguo kama huu. Chanjo yenyewe si dhaifu: inastahimili joto kuliko nyingi, adui yake mkubwa ni kuganda. Hakuna sababu ya kitaalamu inayozuia kichupa kukaa wodini na mkunga kukitumia dakika chache baada ya kumfuta mtoto. Kilichopo ni mgawanyo wa vyeo. Ukitaka mkunga ahamasike, andika jina lake kwenye kazi hiyo na umpe ufunguo.

BCG ni ndugu wa tatizo hilo, na kichupa chake mara nyingi kina dozi 20, kwa hiyo vituo vingi huifanya kuwa ya siku moja kwa wiki. Aliyezaliwa siku inayofuata anasubiri sita.

Tuje kwenye pesa, kwa kuwa wapangaji wakisikia neno motisha mikono yao huenda mfukoni. Uzoefu upo wa kutosha, na haufanani. Uingereza iliweka kwenye mkataba wa madaktari wa familia wa mwaka 1990 malipo ya malengo: fungu dogo ukifikisha asilimia 70 ya watoto, kubwa ukifikisha 90. Unafuu wa mpango kama huo ni kwamba kila daktari anajua idadi yake. Kasoro yake iko kwenye ngazi: aliyefika 72 na haoni njia ya kufika 90 hana sababu ya kifedha ya kumtafuta mtoto wa sabini na tatu, na huyo ndiye mara nyingi mwenye maisha magumu zaidi.

Rwanda ilijaribu malipo kwa matokeo na kuyapima kwa umakini. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2011 ilikuta uzazi kwenye vituo umeongezeka kwa asilimia 23, na ziara za watoto wadogo kwa ajili ya huduma ya kinga zimeongezeka kwa asilimia 56. Idadi ya watoto waliokamilisha chanjo zote haikuongezeka. Walioutathmini waligundua kwamba malipo yalisogeza zaidi huduma zenye fungu nono na zisizomtaka mhudumu ahangaike sana. Kukamilisha ratiba ya mtoto kunamtaka ahangaike, kwa miezi mingi, na mtu ambaye hayuko mbele yake.

Na kuna lile la Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo. Kwenye miaka ya 2000 ilikuwa ikizilipa nchi dola 20 kwa kila mtoto wa ziada aliyeripotiwa kupata dozi tatu. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha ripoti na takwimu za uchunguzi wa majumbani katika nchi 51. Ripoti zilidai watoto wa ziada milioni 13.9. Uchunguzi ulikadiria milioni 7.4. Simtuhumu mtu kwa wizi. Tarakimu huvimba kidogo kidogo kutoka ngazi hadi ngazi, kila mmoja akijumlisha upande unaomfaa. Lakini nikisikia pendekezo la kumlipa mhudumu kwa kila dozi "iliyotolewa kwa wakati," nawaza kwanza tarehe zitakazoandikwa. Tarehe ni rahisi kuirekebisha kwa kalamu kuliko dozi.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni kitu kinachochosha kukisimulia. Katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, idara ya afya ilianza kuzipitia kadi za watoto katika kliniki za umma, kila kliniki, kila mwaka, na kuwarudishia wahudumu matokeo yao wenyewe wakiwa wamekaa pamoja mezani, kliniki zikilinganishwa na wenzao. Katika miaka sita kiwango cha waliokamilisha chanjo katika kliniki hizo kilipanda kutoka karibu nusu ya watoto hadi karibu tisa kati ya kumi. Baadaye kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kikaueneza mtindo huo nchi nzima. Kulikuwa na tuzo ndogondogo, ndiyo. Lakini uti wa mgongo wake ulikuwa kuonyeshwa: watoto wako hawa, hawa walikuja wakaondoka bila chanjo, sababu ilikuwa nini? Daktari au muuguzi anayeamini kuwa watoto wake "karibu wote" wamekamilisha, akionyeshwa kwamba ni sita kati ya kumi, hahitaji kuhubiriwa. Kila mmoja huamini kwamba wazembe wako kituo cha jirani.

Siri ya ziada, ambayo naona haizungumzwi vya kutosha: kadi zilipitiwa moja moja, kwa jina la mtoto. Jumla ya mwezi haikufundishi kitu. Dakika ishirini za kuzipitia kadi 30 za waliotimiza mwaka, ukiandika kando ya kila moja umri wake kwa wiki alipopata kinga tano ya kwanza na umri wake kwa miezi alipopata surua, zitamwonyesha mkuu wa kituo kama tatizo liko kwenye siku ya BCG, kwenye vichupa, kwenye likizo ya muuguzi mmoja, au kwenye tarehe za kurudi ambazo ziliandikwa zikaangukia sikukuu.

Hilo la tarehe za kurudi ni dogo na linaudhi. "Rudi mwezi ujao" si wiki nne. Mhudumu aandike siku na tarehe, aitaje kwa sauti, amwambie mama ni chanjo ipi inayofuata na inazuia nini. Kukumbushwa kwa simu au ujumbe kunasaidia, ushahidi wake ni mzuri katika mazingira mengi, lakini ujumbe unaomwita mama siku ambayo kituo hakichanji ni bora usingetumwa.

Mwenendo wa kituo chenyewe ndio msingi. Katika wilaya ya Udaipur nchini India, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha makundi matatu ya vijiji. Palipobaki na huduma ya kawaida, watoto waliokamilisha chanjo walikuwa asilimia 6. Palipowekwa kambi za chanjo zilizofanyika bila kukosa, tarehe zilizotangazwa zikiheshimiwa na wahudumu wakifuatiliwa mahudhurio yao, ilikuwa asilimia 18. Palipoongezwa zawadi ndogo kwa wazazi, 39. Watu hukumbuka zawadi. Mimi hukumbuka kwamba ongezeko la kwanza, la mara tatu, lilipatikana kwa muuguzi kufika tu siku aliyosema atafika. Na kuna jambo la kihasibu pale: gharama kwa kila mtoto aliyekamilika ilikuwa ndogo zaidi palipokuwa na zawadi, maana muuguzi na kichupa chake hawakukaa bure.

Namna ya kuanza mazungumzo nayo ni sehemu ya wakati, kwa kuwa mzazi anayesitasita huahirisha. Watafiti huko Seattle, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, walirekodi mazungumzo ya madaktari na wazazi. Daktari alipouliza mzazi anataka kufanya nini kuhusu chanjo, asilimia 83 ya wazazi walipinga. Alipoanza kwa kusema kwamba leo mtoto anapata chanjo fulani na fulani, waliopinga walikuwa asilimia 26. Waliochaguliwa katika utafiti ule walikuwa wengi wenye wasiwasi, kwa hiyo tarakimu zenyewe usizihamishe kokote. Mwelekeo wake unaaminika: mhudumu anayesitasita humfundisha mzazi kusitasita. Kusema kwa uhakika hakumzuii mzazi kuuliza, na akiuliza ajibiwe bila kukaripiwa.

Kukaripia ndiko ninakokuogopa zaidi katika kampeni yoyote ya "kwa wakati." Mpe mhudumu lengo la tarehe bila kubadilisha kingine chochote, na siku ya pili atamfokea aliyechelewa, au atamwona ni doa kwenye takwimu na kumwelekeza kituo kingine. Mtoto aliyechelewa achanjwe siku aliyofika, mfululizo uendelee pale ulipoishia, haurudiwi kuanzia mwanzo. Kwa miaka chanjo ya rota ilikuwa na ukomo mkali wa umri: dozi ya kwanza kabla ya wiki 15, ya mwisho kabla ya wiki 32. Waliochelewa walinyimwa, na walikuwa wale wale walio kwenye hatari kubwa ya kufa kwa kuharisha. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliulegeza ukomo huo, kwa kuona kwamba mahali ambapo vifo vya watoto ni vingi, faida inazidi hatari. Kuna na upande wa pili wa pupa: dozi ya kinga tano iliyotolewa kabla ya wiki nne tangu iliyotangulia, au kabla ya wiki 6 za umri, huhesabika kama haikutolewa, na mtoto hulazimika kuirudia.

Basi ningeanza na fomu ya mwezi. Iongezwe safu mbili: wangapi walipata kinga tano ya kwanza kabla ya wiki ya 8, na wangapi walipata surua kabla ya mwezi wa 10 kwisha. Safu ya dozi zilizopotea ibaki, maana wizi na uzembe wa jokofu upo, lakini isisomwe peke yake. Isomwe kando ya safu ya tatu, ya watoto waliofika wakaondoka bila chanjo, na sababu. Makadirio ya kuagiza yaandaliwe kwa kutegemea kwamba vichupa vitafunguliwa kwa mtoto mmoja, la sivyo mwongozo wa kufungua utakwisha pamoja na akiba mwezi wa pili. Wodi ipewe ufunguo.

Takwimu za mwaka wa kwanza zitakuwa mbaya, na aliye juu anatakiwa aambiwe mapema kwamba zitakuwa mbaya. Dozi zinazomwagwa zitaongezeka, na vituo vilivyokuwa vikijivunia asilimia 95 vitagundua kwamba theluthi ya watoto wao huchanjwa nje ya muda. Msimamizi atakayepokea fomu hizo akamwita mtu ofisini kumfokea, ataletewa mwezi unaofuata tarehe zilizonyooka zote, na hatajua tena ni watoto gani walioambiwa warudi Alhamisi.